Nyuki Wetu, Asali ya Kuazima

"Fuata nyuki ule asali" ni miongoni mwa methali za kwanza anazofundishwa mwanafunzi wa Kiswahili. Hufasiriwa kwamba anayeandamana na watu wema hupata mema. Nimeitumia katika insha tangu sekondari bila kuuliza maneno yake yametoka wapi. Mwaka huu, baada ya kujua nyuki anavyoitwa kwa Kiarabu, nimeona kwamba ndani ya maneno hayo manne limo jibu la swali linalonisumbua tangu nilipochagua kusoma lugha hii: Kiswahili ni cha nani?

Swali hilo nililetewa na watu wawili wasiojuana. Wa kwanza ni baba yangu. Alizaliwa karibu na msitu wa Nyungwe, akaja Kigali akiwa kijana, wakati Kiswahili kilisikika zaidi Nyamirambo, kwenye stendi za mabasi na katika kambi za askari. Kwake ilikuwa lugha ya Waislamu na madereva. Mwaka 2017 Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya nne nchini, yeye hakubadili mawazo. Nilipomwambia nitakisomea chuo kikuu, alisema, "Kwa hiyo ada yangu inalipia Kiarabu cha sokoni."

Wa pili ni fundi cherehani mmoja wa Biryogo ambaye humpelekea nguo zangu. Ni mzee aliyesoma madrasa, na mara nyingi tunazungumza Kiswahili. Naye husema yaleyale, ila kwa fahari. "Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu, mwanangu. Ukikitoa Kiarabu hakibaki kitu." Mmoja alidharau, mwingine alijivunia, lakini wote wawili waliniambia kwamba ninasoma lugha ya wengine.

Siku moja nilimkuta fundi akinywa chai, na kando yake kichupa cha asali. Nikamwambia, "Mzee, asali najua ni neno la Kiarabu. Na nyuki je?"

"Nyuki ni nahl," akajibu mara moja. "Wote kwa pamoja ni nahl, mmoja ni nahla. Kurani ina sura nzima yenye jina hilo, ya 16. Lakini hiyo h itoe kooni, usiikwaruze. Ukiikwaruza inakuwa nakhl, nayo ni mitende."

Maelezo hayo yalinifaa. Kiswahili cha wengi wetu hakitofautishi sauti hizo mbili: khabar ya Kiarabu ikawa habari, khayr ikawa heri. Kama tungeazima nahl na nakhl pamoja, huenda leo nyuki na mtende vingekuwa na jina moja. Lakini hatukuazima.

"Na kwa Kinyarwanda, Mzee?"

"Uruyuki," akasema. Kisha akakiweka kikombe chini. "Uruyuki. Nyuki. Nahl." Maneno yote matatu alikuwa nayo miaka mingi, ila hakuwahi kuyapanga mstari mmoja. "Huyu kweli hakutoka Arabuni," akasema.

Tukiyatazama maneno hayo kwa jicho la isimu, mambo yanazidi kuwa wazi. Kinyarwanda kina uruyuki katika umoja na inzuki katika wingi, kama kilivyo na ururimi na indimi. Kiswahili kina ulimi na ndimi kwa mpangilio uleule, ingawa nyuki wake amebaki na umbo moja: nyuki mmoja, nyuki wengi. Kiarabu kinakwenda njia nyingine kabisa. Kinaanza na kundi zima, nahl, ndipo kinaongeza kiambishi mwishoni kumpata mmoja. Sisi Wabantu tunahesabu kwa mwanzo wa neno, wao kwa mwisho.

Nikaendelea kutafuta. Mzinga ni umuzinga wa Kinyarwanda. Mbu ni umubu. Nyigu na nge nao hawakuchukua majina ya Kiarabu. Nge kwa Kiarabu ni aqrab, na neno hilo tunalo, lakini akrabu yetu ni mshale wa saa na jina la kundi la nyota. Mdudu mwenyewe hakubadilishwa jina. Kwa upande mwingine, asali ni ya Kiarabu, na mshumaa umetokana na sham', yaani nta. Nilitaka kuhitimisha kwamba kinachouma hubaki na jina la nyumbani, na kinachouzwa huchukua jina la mnunuzi. Nta inaiharibu kidogo kanuni hiyo, kwa sababu nayo iliuzwa sana kutoka pwani hadi ng'ambo na bado jina lake ni la Kibantu. Basi naiacha kama mwelekeo tu, si sheria.

Jioni moja nilimwuliza baba kuhusu kazi ya marehemu babu, ambaye alikuwa umuvumvu, yaani mfuga nyuki. Alitaja umuzinga. Nikamwambia kwa Kiswahili ni mzinga. Akataja inzuki, nikamwambia nyuki. Alinitazama kana kwamba namtungia. Kisha akauliza, "Na ubuki?"

Hapo ilinibidi niseme ukweli: "Asali."

Akacheka sana. "Yaani mzinga ni wetu, inzuki ni zetu, wenzetu wakaondoka na ubuki!"

Alitania, lakini aligusa jambo zito. Katika Kinyarwanda na Kirundi, uruyuki na ubuki ni mzizi mmoja. Kigikuyu pia kina njũkĩ na ũũkĩ. Mtoto akijua jina la mdudu, amekaribia jina la utamu wake. Kiswahili kimeukata uzi huo. Hata hivyo sioni aibu. Watu wa pwani waliishi na wageni, wakafanya biashara, wakaoana, na lugha yao ikabeba alama za maisha hayo. Hata neno lugha lenyewe limetoka Kiarabu. Anayesema Kiswahili hakina Kiarabu atakuwa hana jina la kile anachokitetea.

Kwetu wanafunzi wa Rwanda, nadhani jambo hili lina faida darasani. Tunafundishwa Kiswahili kama lugha ngeni, tukikariri ngeli moja baada ya nyingine, wakati nyingi kati yake tunazo nyumbani. Mwalimu angeanza na mzinga, nyuki na ulimi, halafu ndipo aje asali na lugha, tungeingia kwa mlango tunaoujua.

Baba bado hajasema kwamba nilichagua vizuri. Lakini wiki iliyopita alinipigia simu akiwa kijijini, akauliza bila salamu ndefu: "Moshi wa kufukizia inzuki, Kiswahili wanauitaje?"

"Moshi, baba," nikamjibu. "Na kwetu?"

"Umwotsi," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunitajia mengine.