Shahidi Si Kadhi

Barua pepe ina sifa moja ambayo ndiyo ila yake: kuipeleka kwa watu elfu ni rahisi kama kuipeleka kwa mmoja. Mwaka 1978, huko Marekani, tangazo moja la kuuza kompyuta lilipelekwa kwa watu karibu 400 kwa mkupuo mmoja, nao wakanung'unika. Kilichokuwa kero siku hizo kimekuwa gharika, na ndani ya gharika hiyo hupita matapeli na wezi.

Orodha nyeusi ziliundwa ili kuzuia uovu huu. Miongoni mwa zinazojulikana sana ni za Spamhaus, iliyoanzishwa London mwaka 1998. Barua inapobisha hodi, seva ya mpokeaji huiuliza orodha kama anwani ya kompyuta iliyoileta imeandikwa humo. Jibu likiwa ndiyo, barua hukataliwa mlangoni. Faida yake ni kubwa: kazi hufanyika kwa kufumba na kufumbua, gharama hupungua, na barua huzuiwa bila siri iliyomo kusomwa.

Walakini anwani moja aghalabu hubeba barua za wateja wengi. Mmoja wao akitapakaza taka, wote huadhibiwa. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Lakini watu si samaki. Mwalimu amwitaye mwanafunzi shuleni, au zahanati impelekeayo mgonjwa majibu yake, hurudishiwa barua kwa kosa la jirani wasiyemjua.

Tena orodha yenyewe yaweza kupotoka. Mwaka 2003 orodha ya Osirusoft, ilipofungwa baada ya kushambuliwa, ilijibu ndiyo kwa kila anwani duniani. Seva zilizoitii bila kufikiri zilikataa barua njema na mbaya pamoja.

Wako walioandikwa wakakimbilia sheria. Mwaka 2006 mahakama ya Chicago iliamuru Spamhaus ilipe kampuni moja dola 11,715,000, kwa kuwa haikuendelea kujitetea. Mdai aliposhindwa kuthibitisha hasara yake, mahakama ya rufani ilishusha fidia hiyo mwaka 2011 ikawa dola 3. Basi madhara ya kuandikwa ni rahisi kuyalalamikia, na ni magumu kuyapima.

Kwa hakika orodha haifungi mlango; afungaye ni mwenye seva. Orodha ni shahidi, si kadhi. Mpokeaji mwenye busara husikiliza ushahidi wake, akaupima pamoja na dalili nyingine, na barua yenye shaka akaiweka kando ikaguliwe. Huchagua orodha inayotaja sababu ya kumwandika mtu, na inayomfuta aliyejirekebisha. Nyumba isiyo na mlinzi huibiwa. Lakini nyumba ambayo mlinzi wake haulizwi neno hukosa wageni wema, na mwenye nyumba hajui kwamba walifika.