Boneti lenye matundu

Huku Bulyanhulu michomoko ni Toyota kuukuu, nyingine zina umri mkubwa kuliko madereva wake, na ugonjwa wake mkubwa ni kuchemsha. Dawa inayotajwa vijiweni ni kukata matundu kwenye boneti, "kama Subaru". Dereva mmoja aliniambia abiria akiona matundu anakuwa na imani na gari. Tuliangalie hilo.

Tundu la Subaru Impreza yenye tabo halikuwekwa kupoza injini. Linapeleka upepo kwenye intakula, kifaa kinachopoza hewa iliyobanwa na tabo kabla haijaingia kwenye silinda. Kama gari lako halina tabo, hilo ni pambo tu.

Ila wazo la matundu si la kipuuzi. Upepo unapita kwenye rejeta, unabeba joto, halafu lazima utoke. Wachimbaji wanalijua hili kuliko mimi. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, uko chini ya ardhi. Huwezi kuingiza hewa safi kule bila kuipa ile ya moto njia ya kutokea. Kwa hiyo matundu yakae nyuma kidogo ya rejeta, ambako gari likikimbia upepo wa juu huvuta joto nje. Wale wanaoinua boneti upande wa kioo wanasaidika gari likisimama tu. Likikimbia, upepo hujibana chini ya kioo na kuingia ndani.

Sasa tatizo lenyewe. Matundu hayazibui rejeta iliyojaa kutu, wala hayafufui feni iliyokufa. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana maji yasichemke mapema. Kikilegea, na ndani umejaza maji ya kisima badala ya kulenti, gasketi ya silinda hedi inaungua. Hapo ada ya mtoto imeondoka.

Ushauri wangu: anza na kifuniko, kulenti, feni na kuzibua rejeta. Bati la boneti likate mwisho, na ukilikata kinga nyaya na mvua. Abiria hawatayaona hayo, lakini watafika Kahama.

Mnasemaje wadau?