Kupima Pasipo na Ukuta

Kabla ramani hazijahamia kwenye kompyuta, kupima magofu ya Kilwa ilikuwa kazi ya watu wawili na tepu moja. Mmoja anashika sifuri, wa pili anasoma. Mwenye sifuri ndiye anayeteseka: anajibana kwenye kona ya ukuta wa matumbawe, upupu unamwasha shingoni, na haruhusiwi kusogea mpaka mwenzake aite namba. "Vuta! Legeza kidogo. Inua, imekaa kwenye jiwe. Soma!" Tepu ikilegea katikati, umbali unaongezeka, ikipita juu ya kifusi, unaongezeka tena. Kwa hiyo kila ukuta ulipimwa kwenda na kurudi, na namba mbili zikigombana, tunaanza upya.

Niliingia kazi hiyo miaka ya 1990, kijana niliyemaliza shule Kilwa Masoko, nikilipwa ujira wa kibarua kwa kushika sifuri. Baadaye nilisomea upimaji Chuo cha Ardhi Morogoro, nikarudi pwani, na tangu hapo maisha yangu yamekuwa viwanja vya Lindi, mashamba ya vijijini na, kila nilipopata nafasi, magofu. Wengi wakiniuliza ramani za kidijitali zimeleta nini, hutarajia niwaambie habari za kasi. Kasi ipo, lakini mimi nimeguswa zaidi na vitu ambavyo zamani hatukuweza kuvipima kabisa na sasa tunavipima.

Tepu inataka ncha mbili. Lazima kuwe na kona hapa na kona pale, na mtu wa kusimama kwenye kila moja. Ndiyo maana ilitufundisha kuta vizuri mno. Ukikaa siku nzima unapima vyumba vya mji wa kale wa Songo Mnara, halafu ukavuka kwenda Kilwa Kisiwani ukapima vya jumba la Husuni Kubwa, utaona urefu wa vyumba unacheza sana, ila upana unarudi pale pale: mita mbili na nusu, wakati mwingine unakaribia tatu. Sababu iko juu ya kichwa chako, mahali dari ilipokuwa. Zege la chokaa na matumbawe lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu huo hupinda kwa uzito. Mwenye nyumba angeweza kuwa na dhahabu ya Sofala na vyombo vya kaure vya China, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti. Hilo sikulisoma popote kwanza; nililijua kwa kuita namba ile ile mchana kutwa.

Waliotutangulia walipima kwa namna hiyo hiyo, na walipima kwa ustadi. Peter Garlake alitoa kitabu chake cha usanifu wa awali wa Kiislamu wa pwani mwaka 1966, chenye michoro ya misikiti na majumba iliyopimwa kwa mkono. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha juzuu zake mbili mwaka 1974. Nimeshika michoro yao mbele ya kuta zenyewe, hasa lile birika la pembe nane la Husuni Kubwa, ambalo huwezi kulichora kwa kupima pande zake tu. Lazima ukate pembetatu kutoka nukta mbili ulizoziamini, pembe kwa pembe, mpaka umbo lijifunge. Michoro inakaa sawa na mawe. Nawaheshimu kwa hilo.

Lakini itazame michoro ile kwa muda. Kuta ni mistari mizito myeusi, na kati ya nyumba na nyumba ni karatasi nyeupe. Watu wa Songo Mnara, kati ya mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 16, walitembea, walizika na walichota maji katika ule weupe. Sisi tuliuacha mweupe kwa kuwa hapakuwa na kona ya kushikia tepu.

Kisha ikaja GPS ya mkononi. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, na nukta ingeweza kukosea kwa mita 100. Ilipoacha, kosa likabaki la mita chache tu. Hapo ndipo nilipoona jinsi namba sahihi inavyoweza kukaa mahali pasipo sahihi. Ramani za zamani za nchi yetu zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inasema kwa WGS 84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazibandika kwenye mwingine bila kuzibadilisha, nukta yako inahama karibu mita 300. Kwa shamba la korosho hiyo ni kesi na jirani. Kwa kisiwa kama Songo Mnara, ni kuuhamisha msikiti ukaingia mikokoni.

Ramani ya kidijitali yenyewe nilikutana nayo kwanza kwenye kompyuta mpakato ya watafiti, ndani ya hema, upepo wa kusi ukipiga turubai. Mtu alibofya kwenye kona ya nyumba moja, akaburuta kishale hadi kwenye kisima, na umbali ukajiandika kabla hajaachia kidole. Nilitaka kuona kama inasema kweli. Nikachagua ukuta ninaoujua kwa namba, nikaomba wabofye huku na huku. Namba ilitoka kubwa kidogo kuliko yangu.

Sababu yake nataka kuieleza, kwa sababu vijana wengi wanaitumia zana hii bila kuambiwa. Ramani nyingi za mtandaoni zimechorwa kwa namna inayoitanua dunia kadiri unavyoiacha ikweta. Oslo, umbali unavimba karibu mara mbili. Kilwa tuko karibu nyuzi 9 kusini, kwa hiyo uvimbe ni asilimia 1.2 hivi: mita 100 za ardhini zinasomeka mita 101 na sentimita 20, na eneo linazidi kwa karibu asilimia 2.5. Ni kidogo, na udogo wake ndio hatari, maana hakuna atakayeshtuka. Programu nzuri, kama QGIS, inakupa nafasi ya kuchagua upime juu ya karatasi bapa au juu ya umbo la dunia lenyewe. Tulipochagua la pili, ukuta wangu ukarudi kwenye namba yake, na mimi nikavuta kiti karibu.

Jioni ile tuliuzungushia mstari uwanja wa katikati ya mji wa Songo Mnara, ule wenye makaburi, na kompyuta ikatupa eneo lake. Uwanja! Kitu kisicho na ncha hata moja. Kwa miaka mingi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli pembeni mwake nikisubiri zamu ya kushika sifuri, bila kuwaza kwamba unapimika. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, ambao timu yao ilifanya kazi Songo Mnara kuanzia mwaka 2009, walikuja na swali hilo hasa: maeneo ya wazi ya mji yalitumika kwa nini? Wakapitisha vifaa vya kupima usumaku wa udongo, mstari kwa mstari, na mahali palipoonekana patupu pakaanza kuonyesha alama za kazi za watu, zikiwemo nyumba za udongo zisizoacha ukuta juu ya ardhi. Karatasi nyeupe ikajaa. Kwa mtu wa pwani hili si jambo dogo: sisi wengi tumetoka katika nyumba za udongo na makuti, na sasa nyumba hizo nazo zina mahali kwenye ramani ya mji wa mawe.

Wengine walikuja na mashine kubwa zaidi. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliyapima magofu yetu kwa leza, mamilioni ya nukta kwa kila jengo. Mwaka 2020 Kilwa Kisiwani ikawa miongoni mwa sehemu tano za dunia zilizoonyeshwa na mashirika ya CyArk na ICOMOS pamoja na Google katika kazi yao juu ya urithi unaotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kwa leza unapima hata unene wa chokaa iliyobanduka. Mimi hata hivyo nilivutwa zaidi na ukingo wa bahari.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 zilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mmomonyoko ulikuwa sehemu ya hatari hiyo. Anayeitazama Gereza, ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani, kutoka kwenye mashua anaona jinsi maji yanavyoifikia. Kwa tepu, ungepima leo kutoka ukutani hadi majini, na mwakani upime tena. Bahari ya miaka iliyopita hukuwa nayo. Kwenye ramani ya kidijitali tunaweza kuweka picha ya zamani ya angani chini ya picha mpya, tukazifunga pamoja kwa kona za Msikiti Mkuu, za Gereza na za majengo mengine yasiyohama, kisha tukapima kati ya ufuo wa jana na wa leo. Tunapima ardhi ambayo haipo.

Hapa ujuzi wa wavuvi ukawa na thamani kuliko wangu. Kijana mmoja wa ofisini alibofya pale maji yanapokutana na mchanga katika picha zote mbili, akatangaza kwamba bahari imekula pakubwa. Mzee mmoja nahodha, aliyekuwa amekaa nyuma yetu kimya, akasogea.

"Picha hii ya pili imepigwa lini, mwanangu?"

Kijana akamtajia tarehe.

"Basi hiyo ni bamvua, maji yamejaa. Na ile ya kwanza?"

"Sijui ilikuwa maji gani, babu."

"Tazama mwamba ule unavyoonekana wote. Yalikuwa yametoka. Hujapima ufuo hapo, umepima saa."

Alikuwa sahihi. Kwenye pwani hii, bamvua inapokupwa huacha uwanja mpana wa matope na mwani, na maji mafu hayasogei hivyo. Tangu siku ile hatubofyi kwenye maji. Tunabofya kwenye ukingo wa mmomonyoko, au pale majani ya nchi kavu yanapoanza, na pembeni ya kila kipimo tunaandika tarehe ya picha na hali ya maji. Mzee yule tulimwomba pia atuonyeshe mahali pa mkwaju ambao watu wa rika lake walikuwa wakiufungia mashua. Nukta yake iliangukia mbali ndani ya sehemu inayofunikwa na maji. Tuliiacha kwenye ramani, kwa rangi yake, na tukaandika kwamba imetoka kwa mwenyeji. Baada ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024, mvua zilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, kumbukumbu za namna hiyo ndizo nilizozitamani kwa pwani nzima ya Lindi, na zilikuwepo kwa vipande vichache mno.

Siku hizi nawafundisha vijana wa vijijini zana hii, na naishikilia hoja moja kwa nguvu: mafaili yakae pia Kilwa. Data nyingi za magofu yetu ziko kwenye mashine za mbali, na anayeishi hatua chache kutoka Msikiti Mkuu anahitaji kuomba ili apime ukuta anaouona dirishani. Simu na kompyuta za vijana zinatosha kwa kazi hii. Kinachohitajika ni nakala, mafunzo na mtu wa kuziweka safi.

Katika somo moja niliwaomba wapime umbali kutoka kwenye kisima hadi shuleni. Karibu wote waliweka nukta mbili. Binti mmoja aliendelea kubofya, nukta baada ya nukta, mstari wake ukizunguka mikoko, ukipanda nyuma ya makaburi, ukishuka. Namba yake ilizidi za wenzake kwa mbali. Nilimwuliza kwa nini hakwenda moja kwa moja.

"Mwalimu, huko moja kwa moja ni tope. Mimi ndoo naibeba kwa njia hii."

Wenzake walianza kucheka, kisha wakarudi kwenye mistari yao kuirekebisha. Tuliongeza safu kwenye jedwali la darasa, na sasa kila umbali tunauandika mara mbili: wa mstari ulionyooka, na wa njia wanayopita watu.