Njia Iliyo Bora ya Kwenda Dar es Salaam



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali linalosikika mara nyingi hapa Nambambo, hasa fedha za korosho zinapoingia, au mgonjwa anapopewa barua ya rufaa: twende Dar es Salaam kwa njia ipi? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa nauli na saa. Sisi tunaona kuna swali linalopaswa kutangulia: ni nani anayesafiri?

Wazee wetu hawakuwa na mengi ya kuchagua. Reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilitoka Nachingwea kwenda pwani ya kusini tu, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waendao Dar es Salaam walipanda meli, au walifuata barabara hadi Mto Rufiji wakangojea kivuko. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 adha ya kivuko ikaisha, lakini matope ya kati ya Ndundu na Somanga, kilomita zipatazo 60, yaliendelea kuwatesa wasafiri kwa miaka mingi hadi lami ilipokamilika.

Leo njia zinagawanyika Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, barabara ya Masasi inapokutana na ile ya Mtwara na Lindi. Mwenye basi hushika kushoto, akapita Lindi, Nangurukuru na Kibiti. Mwenye ndege hushika kulia kwenda Mtwara, akiupa kisogo kwanza mji anaouendea. Angani hukaa muda mfupi, lakini hana budi kuhesabu pia mwendo wa kufika Mtwara, na pengine malazi ya usiku mmoja. Tena, tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku. Kwa kijana mfanyabiashara hilo ni nafuu kubwa, kwani haipotezi siku yake ya kazi.

Lakini si kila msafiri ni kijana. Tulipata kuketi na familia moja iliyokuwa ikipanga kumpeleka mama yao Muhimbili. Watoto walioko mjini walitaka basi la usiku, kwa kuwa ni rahisi na linafika mapema. Mwingine alitaka ndege, ingawa fedha ingetoka kwenye akiba ya matibabu. Mabishano yalikuwa makali, na mama alikuwa amekaa palepale mkekani. Hatimaye binti anayemwuguza akamgeukia na kumwuliza. Mama akajibu kwa upole: “Nipelekeni kwa njia ambayo sitaona haya.” Kumbe hakuweza kukaa muda mrefu bila kwenda msalani, na aliogopa kumsimamisha dereva mbele za watu. Wakaamua kwenda kwa vituo: walale Lindi kwa ndugu, kisha waendelee asubuhi. Safari ikaongezeka siku moja, lakini mama akafika na heshima yake.

Tuongeze neno moja kuhusu masika. Mwezi Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara maeneo ya Somanga na abiria wakakwama njiani. Kwa hiyo anayesafiri na mgonjwa majira hayo asipange kufika siku ileile ya miadi ya daktari. Dawa za siku kadhaa zikae katika mkoba wa mkononi, siyo katika buti la basi.

Ndugu zetu, kabla ya kukata tiketi, keti kwanza na aliye dhaifu kuliko wote katika msafara wenu, umwulize yeye. Yawezekana jibu lake likawagharimu siku moja zaidi. Mpeni siku hiyo.

Tunawatakia juma jema, na safari njema kwa wote walioko njiani.