Siku nilipotoa sufuria ndani ya oveni

Nyumba nyingi za Nairobi zina oveni, na oveni nyingi za Nairobi zina sufuria. Yangu ilikuwa ghala la vikaango na vifuniko visivyo na wenyewe. Gesi ni ghali, msomaji, na kuku alikuwa akikaangika juu ya jiko bila taabu.

Hayo yalikuwa kabla ya Jumamosi moja ya mwaka wa 2019. Nilikuwa nikikaanga vipapatio, simu ikalia sebuleni, nikatoka mara moja tu. Kitinda mimba wangu, aliyekuwa na miaka minne, akauvuta mkono wa kikaango. Mayowe yale bado nayasikia. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno, tukampaka. Muuguzi aliyetupokea alitueleza kwamba tungemtilia maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, wala si dawa ya meno, siagi au yai. Mtoto alipona, lakini kovu liko pale, kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko.

Tangu siku hiyo sikukaanga tena. Kuku kwetu akawa wa mchuzi, Jumapili baada ya Jumapili. Mume wangu hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko lawama.

Binti alipokaribia kutimiza miaka minane, nilimwuliza tumpikie nini. "Kuku aliyekauka kau, Mama. Wa kulia kacha kacha."

Nikaenda jikoni, nikatoa sufuria moja moja.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilivitia vipapatio kwenye trei na majimaji yake, nikavimiminia ndimu. Havikuokeka, vilichemka! Ngozi ikawa kama mpira. Mwenzangu mmoja kazini, hodari wa kuoka keki, alicheka hadi machozi, kisha akanifunza kwamba adui ni maji.

Basi mkesha wa siku yenyewe nilivipangusa vipapatio kilo moja kwa karatasi ya jikoni hadi vikauka. Nikavichanganya na kijiko kikubwa kimoja cha beking pauda, kijiko kidogo cha chumvi na pilipili manga. Angalia usitie magadi, utakula ladha ya sabuni. Beking pauda huondoa ukali wa asidi kwenye ngozi, ikageuka kahawia upesi, na huacha viputo vidogo vidogo vinavyokauka. Ndiyo maana ndimu hukamuliwa mezani. Vililala kwenye friji bila kufunikwa, rafu ya chini, visije vikadondokea vyakula vingine. Kesho yake nikavipanga juu ya wavu, trei chini yake ya kupokea mafuta, moto digrii 220, dakika 45, nikavigeuza mara moja. Wamarekani wa Buffalo, waliovipa vipapatio jina tangu 1964, huvikaanga kwa mafuta tele. Mimi sina moyo huo.

Binti alisimama mlangoni, mbali na jiko, kama nilivyomzoeza.

"Mama, mafuta yako wapi?"

"Hakuna."

Akasogea hatua moja, kisha ya pili, akachungulia kiooni. Mkono wenye kovu ulikuwa umeshika gauni langu.

Alikula sita. Mume wangu sikumhesabia. Alipomaliza kulamba vidole ndipo alipouliza sufuria zitakaa wapi sasa. Ziko juu ya friji, na kila tukifungua mlango zinatutisha kwa kelele.