Kebo, magari na kosa la neno moja

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ni kebo. Si za intaneti! Ni zile za chuma zinazokazwa ukingoni mwa maegesho ya ghorofa ili gari lisianguke chini.

Rafiki yangu mhandisi aliniomba nimwandikie programu ndogo ya kuzipigia hesabu. Kebo moja ni nyuzi saba za chuma zilizosokotwa, unene wa milimita 12.7, na hukatika ikivutwa kwa kilonyutoni 184 hivi. Kanuni za Marekani, alizokuwa akizifuata, zinataka kizuizi kistahimili msukumo wa kilonyutoni 26.7, karibu uzito wa kilo 2,700. Nikajiambia hii ni kazi ya jioni moja.

Kumbe wapi. Kebo iliyonyooka haiwezi kuzuia kitu kinachoisukuma kwa ubavu mpaka ipinde kwanza. Jaribu kamba ya kuanikia nguo: uikaze utakavyo, kidole kimoja kitaisogeza. Na ikipinda kidogo tu, mvuto ndani yake unakuwa mkubwa mno. Kati ya nguzo zilizoachana mita 6, msukumo ule ukisogeza kebo moja sentimita 30, mvuto ni kilonyutoni 133. Sentimita 15? Ni 267, yaani imeshakatika. Ndiyo maana hufungwa kadhaa, na nguzo za mwisho lazima ziwe imara kweli.

Nikamtumia programu. Akanipigia simu usiku.

"Ndugu, hii kebo umeifunga kila nguzo ama inapita tu?"

Nikanyamaza. Kebo zake zilipita kwenye matundu ya nguzo, zikafungwa miisho miwili tu, mita 30 mbali. Mimi nilikuwa nimeandika mita 6. Kebo ikipinda sentimita 30 hapo katikati, hurefuka sentimita 3. Kwenye mita 6, hizo zinaongeza mvuto wa kilonyutoni 96 hivi. Kwenye mita 30, ni 19 tu. Programu yangu iliiona kebo ngumu mara tano kuliko ilivyo! Kioo kinasema gari limesimama, kumbe magurudumu ya mbele yako hewani, ghorofa ya nne.

Kurekebisha kulikuwa kubadilisha neno moja. Nimezoea makosa ambayo tiba yake ni kufungua ukurasa upya. Usiku ule sikulala vizuri.

Sasa programu inaanza kwa kuuliza kebo imefungwa wapi, na haiendelei bila jibu. Rafiki yangu analalamika inamchelewesha. Na alalamike.