Moshi wa sukari yetu unaandikwa kwa nani?

Wamama wenzetu wa Uvira, mara nyingi tunaambiwa kwamba ni sisi na mbabula zetu tunaoharibu hali ya hewa. Hatukatai. Makala tunayopikia sombe yanatoka milimani, na kila gunia ni miti iliyokatwa. Lakini katika kikundi chetu tumeanza kuulizana jambo lingine: vitu tunavyonunua kutoka ng'ambo, moshi wake unaandikwa kwa nani?

Tuchukue sukari. Wakubwa kati yetu wanakumbuka kiwanda cha Kiliba, hapa kwetu katika bonde la Ruzizi. Miwa ililimwa Kiliba na sukari ikatoka Kiliba. Vita vya 1996 vikakisimamisha, na kwa miaka mingi sukari ya chai ya watoto wetu ikatoka mbali. Chai hatukuacha kunywa. Mazuti ya trekta, mbolea, kazi ya kiwanda, vyote vilihamia tu katika daftari la nchi iliyotuuzia.

Ndivyo hesabu ya dunia inavyofanywa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992: kila nchi inaandika moshi uliotoka ndani ya mipaka yake. Haiulizwi nani aliyekula. Na boti inayopakia Kigoma na kushusha Kalundu? Mazuti yake yanaandikwa pembeni, sawa na ya meli za baharini. Hayaingii katika jumla ya Tanzania wala ya Kongo. Kumbe kuna moshi juu ya ziwa letu usio na mwenyewe!

Kwa makala, mambo ni kinyume. Gunia likivuka Kavimvira na kuchomwa Bujumbura, kaboni ya mti ule inahesabiwa mahali ulipokatwa, yaani kwetu.

Tazama pia kobalti ya Katanga. Inachimbwa kwetu, sehemu kubwa inaenda kusafishwa China, kisha inaingia katika betri za magari ya umeme. Moshi wa kuisafisha unaandikwa China. Mwenye gari kule Ulaya anasifiwa kwamba gari lake halitoi moshi. Mashimo yanabaki kwetu.

Kuna wataalamu wanaofanya hesabu ya pili, wakifuata bidhaa mpaka kwa yule anayeitumia. Hapo moshi wa nchi nyingi za Ulaya unaongezeka, na wa China unapungua. Kwa maoni yetu hesabu hii ina haki zaidi, ingawa ni ngumu kuifanya.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kwa sababu maji hayaangalii daftari. Mwezi wa nne mwaka 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu wetu, na tangu hapo ziwa limepanda mpaka katika viwanja vya majirani zetu. Hatusemi kila mvua inatoka viwandani. Milima tuliyoivua miti nayo ina sehemu yake. Lakini kunapogawanywa lawama, na pesa za msaada, tupende hesabu iwe kamili.

Kuna mama alisema basi tununue vya karibu tu. Si rahisi hivyo. Gari la moshi na boti hubeba magunia mengi kwa pamoja, na kila gunia linatumia mazuti kidogo, wakati kamio lililozama katika matope linanguruma kutwa nzima. Hata shamba la mpunga lenyewe, kwa kuwa limejaa maji, hutoa gesi inayoongeza joto. Hata hivyo, mchele wa sherehe ya kikundi tuliuchukua bondeni, upande wa Sange. Ulizidi bei kidogo, lakini franka zilibaki mikononi mwa wamama walioupanda.

Sasa tunaandika kila nyumba inachoma magunia mangapi ya makala kwa mwezi. Vikundi vya Kalundu na Kavimvira, nanyi tuletereeni hesabu zenu.